Ukuta Uliotoa Povu

Baba yangu alifundisha hisabati Shinyanga kwa sehemu kubwa ya utumishi wake, kwenye ardhi tambarare ambako maji ukiyamwaga husimama kwanza yakiwaza pa kwenda. Kiwanja chake cha kustaafia kipo Lushoto, kwao, upande wa barabara ya kwenda Irente. Alikinunua zamani, enzi ambazo mshahara wa mwalimu bado uliweza kununua kitu. Kila likizo alikwenda kukisalimia: anasimama juu, usawa wa barabara, mikono kiunoni, anatazama bonde, anasema, "Hapa ndipo nitakapokunywa chai." Sikumbuki hata siku moja kumwona amesimama upande wa chini akatazama juu.

Akastaafu mwishoni mwa 2022, miezi michache baada ya kikokotoo kipya cha pensheni kuanza kazi. Wenzake waliomtangulia walichukua nusu ya mafao kwa mkupuo. Yeye akapewa asilimia 33, iliyobaki itakuja mwezi kwa mwezi mpaka Mungu atakapoamua. Kwa hiyo hela ya nyumba ilikuwa na mwisho, na mwisho wenyewe ulionekana kwa macho. Katika hesabu zake alibakiza fungu la gari la mtumba. Likumbukeni hilo gari, maana halikufika.

Kikao cha familia kilifanyika Tanga, kwa Shangazi. Mama, muuguzi mstaafu, alikuja na sharti moja tu: hataki ngazi. Wodini amepokea wazee wengi waliovunjika nyonga, na kwa maelezo yake walianguka majumbani mwao, mahali wanapopajua kwa miguu. Baba naye alikuwa na lake: baraza la mbele litazame bonde, lisizibwe na kitu. Kila sharti, ukilitazama peke yake, ni la mtu mwenye akili timamu. Ukiyaweka pamoja juu ya kilima unapata sakafu moja iliyonyooka kutoka barabarani hadi barazani, huku ardhi chini yake inakimbia.

Ramani ilikuwa ya kununua dukani, nzuri, ina vyumba vitatu, imechorwa kwa ajili ya kiwanja cha mahali kama Dodoma. Fundi alipokuja kusimamisha vigingi na kufunga kamba, akatandaza bomba lake jeupe la maji la kupimia usawa toka kona ya nyuma hadi kona ya mbele. Ndani ya mita 12 za nyumba, ardhi ilikuwa imeshuka mita 2.4. Maana yake ukiwa barazani utakuwa umesimama juu kuliko kichwa cha mtu aliye shambani, na bado mtu huyo amevaa kofia.

"Mwalimu, hiyo si kitu," Fundi akasema. "Mbele tunapandisha ukuta wa mawe, ndani tunajaza kifusi, juu tunamwaga jamvi la zege. Biashara imekwisha. Kazi hii nimeifanya sana."

Mimi ni mhasibu, nimelipia ujenzi wa watu wengi, na sentensi hiyo ya mwisho huwa naiandikia fungu lake la dharura.

Binamu yangu, mtoto wa Baba Mkubwa, ni injinia wa barabara. Alipita siku ya hitma ya babu akaonyeshwa ramani. Hakuchukua muda. Akasema nyumba igawanywe: vyumba vya kulala, jiko na choo vibaki juu, karibu na barabara, sebule na baraza vishuke mita 1.2. Msingi ufuate kilima, upige hatua kushuka nacho, kila hatua ikalie udongo wa asili.

"Kutoka jikoni mpaka sebuleni ngazi ngapi?" Mama akauliza.

"Nane, Mama Mdogo. Fupi fupi."

"Basi kunywa chai, mwanangu."

Alipoondoka, Baba akasema vijana wa siku hizi wanapenda sana kuchora.

Ujenzi ukaanza. Saruji ilipanda kutoka Mombo kwenye zile kona za Soni, mawe yakapasuliwa hapo hapo mtaani. Ukuta wa mbele ulipendeza, hilo lazima tuseme. Ulisimama wima, jiwe kwa jiwe, unene sentimita 45 kutoka chini hadi juu, viungio vimechorwa mistari myeusi iliyonyooka. Watu walisimama kuupiga picha. Fundi, kwa haki yake, alikuwa ameacha matundu machache kwenye mistari ya chini ya kutolea maji. Baba akayaona, akauliza ni ya nini, akaambiwa, akayakataa. Matundu yanaharibu sura ya ukuta, na nyoka watalala humo. Yakazibwa.

Kisha kikaja kifusi. Ule udongo mwekundu uliochongwa nyuma ya nyumba ulibebwa kwa matoroli na kumwagwa mbele hadi shimo likajaa. Udongo wa kujaza hutandazwa kwa tabaka la sentimita 15 au 20, unashindiliwa, ndipo linafuata tabaka jingine. Barabara hutengenezwa hivyo. Wetu ulimwagwa wote, ukamwagiwa maji, vijana wakaukanyaga wakiimba. Juu yake ukachimbwa msingi wa kuta za mbele. Sikiliza vizuri: msingi wa sebule ulichimbwa ndani ya kifusi, haukufika kwenye kilima. Nusu ya nyumba ikakaa juu ya ardhi iliyokuwepo kabla ya babu zetu, nusu juu ya ardhi ya wiki iliyopita.

Desemba 2023, wakati mabati yanapigwa, redio ikatangaza habari za Hanang, tope lililoshuka mlimani likafukia sehemu ya mji wa Katesh. Nyumbani palikuwa kimya jioni hiyo. Tangu hapo Mama akawa na desturi ya kuuzunguka ukuta na tochi kabla ya kulala, na Baba akawa na desturi ya kumwambia mlima wetu si ule.

Walihamia kabla ya masika ya 2024, na mvua nyingi za masika yale mnazikumbuka. Ufa wa kwanza ulitokea kona ya sebule, ukapanda kufuata viungio vya tofali, hatua kwa hatua. Fundi akapigiwa simu. "Nyumba inakaa," akasema. Mlango wa chumba cha wageni ukaanza kugoma. Ukiufunga unahitaji bega, ukiufungua unahitaji mgeni mwenyewe asukume kutoka ndani. Siku moja Mama aliweka bakuli la mapeasi mezani, moja likadondoka. Liliviringika sakafuni taratibu, likavuka mkeka, likapita chini ya kochi, likatokea barazani na kusimama kwenye ukingo wa mbele. Mjukuu akalirudisha nyuma akaliachia tena. Likafuata njia ile ile. Ukawa mchezo wake wa alasiri nzima, na hakuna mtu mzima aliyecheka.

Baba alifanya kile ambacho mwalimu wa hisabati hufanya. Alichora kwa penseli vimstari viwili pembeni ya kila ufa, akapima umbali kwa rula kila Ijumaa, akaandika tarehe ukutani, akachora grafu kwenye daftari la mistari. Grafu ilikuwa inapanda. Nadharia yake ilikuwa kwamba udongo unajishindilia wenyewe na mwisho wake mstari utalala. Hakuwa mbali na ukweli: kifusi kilichomwagwa ovyo hushuka kwa uzito wake chenyewe, haraka mwanzoni, polepole baadaye. Mvua zikaisha. Mwezi wa sita ukapita, baridi ya Lushoto ikaingia, ardhi ikakauka. Mstari ulipaswa kulala.

Badala yake ukuta ukaota kitambi. Ukisimama pembeni na kufumba jicho moja unakiona, kimejitokeza theluthi ya chini, na ile mistari myeusi iliyonyooka sasa imepinda. Na chini yake palikuwa pamelowa. Mwezi wa nane, wiki kadhaa bila tone la mvua, na mguu wa ukuta umeota ukijani.

Nadharia zikawa nyingi kuliko nyufa. Jirani wa juu alisema tumejenga juu ya chemchemi. Mjomba, aliyekuja kutoka Korogwe na mfuko wa machungwa, alisema ardhi haijapewa haki yake, ikafanyika kisomo. Watu walijaa baraza lote wakala ubwabwa, na nikiwaza leo uzito wa wale watu wote juu ya kile kifusi, naamini dua ilipokelewa siku ile ile. Shangazi yeye alilaumu ukoo. Miaka ya 1940 na 1950 Mwingereza aliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwenye mashamba ya milimani kuzuia mmomonyoko, kwa amri na faini, na watu wakagoma. Babu yetu alikuwa miongoni mwa waliogoma, na familia hulisimulia jambo hilo kwa fahari. "Nyie watu wa kukataa mifereji," Shangazi akasema, "leo mnashangaa maji?"

Aliyepata jibu ni Mama. Jumamosi moja, baada ya kufua, alishuka shambani kuchuma mnafu akapita chini ya ukuta. Kwenye kiungio kimoja, usawa wa goti lake, maji yalikuwa yanachuruzika. Juu ya maji palikuwa na povu. Akagusa, akanusa vidole, akanusa tena. Akapanda juu kimya kimya, akatuambia ile si chemchemi. Chemchemi hazifui. Ile ni sabuni yake ya mche.

Baba alikataa. Maji ya bafuni na jikoni yana karo yake, akasema, na karo iko mbali. Wapi? Hakuna aliyejua kwa hakika. Aliyejua alikuwa fundi bomba, na fundi bomba alikuwa Handeni kwenye kazi nyingine. Basi Mama akafanya uchunguzi wa kitabibu. Usiku, watu wamekwisha oga, alichukua buluu ya kufulia, ile anayotumia kwenye kanzu za Baba, akakoroga pakiti nzima kwenye ndoo na kuimwaga kwenye tundu la bafu. Kisha akalala usingizi mzuri kuliko sisi wote.

Asubuhi ukuta ulikuwa unatoa machozi ya buluu. Yalishuka juu ya mawe, yakaingia kwenye ile mistari myeusi, yakafanya kidimbwi kidogo cha rangi ya anga miguuni pa Baba, aliyekuwa amesimama na daftari lake mkononi.

Fundi bomba alipopatikana kwenye simu hakuficha kitu. Upande wa nyuma udongo ulikuwa mgumu, sururu inaruka. Upande wa mbele, ndani ya kifusi, palikuwa palaini. Akachimba karo pale, mita 2 nyuma ya ukuta, akaifunika. Na bomba la kumwagikia la simtanki, je? Alilielekeza humo humo, ili kuokoa bomba. Kwa hiyo kila aliyeoga, kila sufuria iliyooshwa, kila mara pampu iliposahauliwa na tangi likafurika, maji yalikwenda kukaa nyuma ya ukuta usio na tundu hata moja. Tangi lenyewe, la lita 5000, yaani tani 5 likijaa, lilisimama juu ya kifusi hicho hicho.

Injinia akaitwa. Kwa adabu hakutaja ile chai. Alitazama kitambi, akaomba tangi limwagwe upande wa barabarani mara moja, watu wasikae barazani, magogo yaegemezwe ukutani. Kisha akachana mfuko mtupu wa saruji, akageuza upande safi, akachora pembetatu.

"Udongo unausukuma ukuta, Baba Mdogo. Juu kabisa hausukumi. Kadiri unavyoshuka, unasukuma zaidi. Ndiyo maana ni pembetatu."

"Na nguvu yote ni eneo lake," Baba akasema, bila kupenda.

"Ndiyo. Ukiongeza kimo mara mbili?"

Baba akanyamaza. Niliuona uso wake ukibadilika. Miaka yote ile alikuwa akisubiri mwanafunzi afike hapa, leo alikuwa amefikishwa yeye. "Kitako cha pembetatu kinaongezeka mara mbili, na kimo mara mbili," akasema polepole. "Mara nne."

"Na nguvu ya kuuangusha, ukipima kutoka kwenye mguu wa ukuta?"

"Mara nane." Akaichukua penseli. Kuanzia hapo hatukuwa na nafasi ya kuongea. Waliinama wawili juu ya karatasi ya saruji, wakakubaliana uzito wa udongo, wakagawa kwa tatu kwa sababu udongo mkavu hujishikilia wenyewe na kusukuma ubavuni theluthi tu ya uzito wake, wakapata tani 1 na robo tatu kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta wetu, ukiwa mkavu. Ukuta wa mawe wa namna ile hushinda kwa uzito wake. Kitako chake hutakiwa kifikie walau nusu ya kimo, zaidi ya mita 1, na uegemee kilima kidogo. Wetu ulikuwa na sentimita 45 na sura nzuri.

"Sasa jaza maji," Injinia akasema.

Maji hayajishikilii. Yanasukuma ubavuni kwa uzito wake wote. Baba akapiga hesabu mara mbili, akapata zaidi ya tani 3 na nusu kwa kila mita. Akaweka penseli chini. Alikuwa amejenga ukuta usioweza kubeba hata nusu ya mzigo huo, kisha akaufungia maji ya kuoga ya familia nzima. Lakini nasema kweli, uso wake haukuwa wa mtu aliyefilisika. Ulikuwa wa mtu aliyeona hesabu nzuri.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani. "Jipu huwa tunalitoboa," akasema. "Hatulipigi plasta."

Yakatobolewa matundu, kuanzia juu kushuka chini, taratibu. Siku ya pili nyundo ilipofika theluthi ya chini, maji yalitoka na kishindo, bado yana buluu kwa mbali, yananuka vibaya kiasi cha Mjomba kuahirisha safari yake ya kuja kutusaidia.

Matengenezo sitayasimulia yote, kwa sababu mengi ni risiti. Sebule na baraza vilibomolewa. Kifusi kikatolewa. Vyumba vya nyuma na jiko vilibaki, kwani huko kujaza kulikuwa kufupi na msingi ulifika udongo mgumu. Sebule ikajengwa upya mita 1.2 chini, msingi wake umechimbwa hadi kwenye kilima, una nondo na mkanda wa zege. Mahali pa ukuta mmoja wa mita 2.4 pakawa na kuta mbili za mita 1.2, zimeachana kwa upana wa sebule na baraza. Maana kuta za namna hii zikikaribiana mno, ile ya juu inaikalia ya chini na umerudi ulikotoka. Kila ukuta mmoja unasukumwa na robo ya nguvu ya zamani. Nyuma yake kokoto, na kila mita 1 na nusu bomba la inchi 3 limechomoza kwa mbele, mdomo wazi, umefungwa wavu kwa ajili ya nyoka wa Baba. Juu ya nyumba, kando ya barabara, ukachimbwa mfereji wa kukinga maji ya kilima na kuyazungusha pembeni. Siku ya kuuchimba Shangazi alifunga safari toka Tanga, akaletewa kiti, akakaa kumtazama mtoto wa mgoma matuta akishika jembe.

Ilikuwa, kwa kila kipimo, ile ramani ya siku ya hitma, kwa bei mara mbili. Gari likaishia humo.

Zikabaki ngazi nane. Baba, sasa akiwa injinia wa kujifunza, alijitolea kumchorea Mama njia ya mteremko badala yake, ili ahadi itimie. Kipimo kinachofaa kiti cha magurudumu ni kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za kwenda. Mita 1.2 zinahitaji mita 14.4, bado hujaweka mahali pa kupumzikia. Urefu huo unazidi nyumba. Akaikunja mara mbili, ikapita katikati ya bustani ya mchicha. Mama akaitazama ile karatasi kwa muda.

"Kitanda changu kiko juu?"

"Kiko juu."

"Choo? Jiko? Barabara ya kwenda hospitali?"

"Vyote juu."

"Basi mwenye shida ya kushuka ni mwenye bonde lake. Niwekee vyuma vya kushikia pande zote mbili, mchicha wangu uuache."

Vyuma vikawekwa. Kila hatua ni sentimita 15, na ukingo wake umepakwa rangi nyeupe ili ionekane jioni. Baba hushuka na kikombe chake mkono mmoja, mwingine kwenye chuma, na Mama humwita kutoka jikoni ikiwa sukari imesahauliwa, ambayo husahauliwa mara nyingi kuliko inavyoweza kuelezwa kwa bahati mbaya.

Grafu imelala tangu vuli iliyopita. Baba hapimi tena nyufa; amehamia kwenye maji. Anajua nani anaoga kwa ndoo ngapi. Maji ya bafu na jiko sasa yana bomba lake lililozunguka ukuta hadi chini kabisa ya kiwanja, kwenye mpaka, ambako jirani aliomba yaishie kwenye migomba yake. Mwezi uliopita Mama alikwenda Morogoro kumwangalia mjukuu aliyezaliwa, akakaa huko. Jirani alivumilia, kisha asubuhi moja akapanda hadi barazani, amevua kofia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani, Mwalimu. Hivi mama hafui siku hizi?"